Mgonjwa Akifika Mlangoni, Daktari Anadaiwa Nini?

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa hospitali. Nimechagua tano. Majina ya waandishi nimeyaficha, na ya hospitali pia, maana mashauri mengine bado hayajasikilizwa.

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mwanangu ni dereva wa bodaboda hapa mjini. Mwezi wa Novemba, usiku, alipata ajali barabara ya Mikindani akavunjika paja, damu ikawa inamtoka. Wenzake wakampakia kwenye bajaji, na mimi nikawakuta hospitali moja ya binafsi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Mapokezi wakasema leteni PF3 kwanza. Daktari wa zamu alikuwepo, nilimwona amesimama mlangoni pa chumba cha dharura, hakumgusa. Tukaenda polisi, tukarudi na fomu, ndipo tukaambiwa laki mbili za kuanzia. Sikuwa nazo. Mwishowe tukampeleka hospitali ya serikali, akawekewa dripu karibu na alfajiri. Yuko hai, lakini mguu umekuwa mfupi na anachechemea. Sheria inamruhusu daktari kumwacha mtu avuje damu kwa sababu ya karatasi na pesa? *Mama wa Chikongola, Mtwara*

JIBU: Pole sana mama yangu, na pole kwa kijana. Jibu langu ni hapana, haimruhusu. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu barua kama yako zinanifikia kutoka Masasi hadi Kilwa, na watu wengi wanarudishwa mlangoni wakiamini kwamba aliyewarudisha ana haki.

Tuanze na karatasi. PF3 ni fomu ya polisi ya kumwomba daktari amchunguze majeruhi. Polisi anajaza upande wake, daktari anajaza wake: jeraha liko wapi, limesababishwa na kitu cha aina gani, ni kubwa kiasi gani. Kazi yake ni ushahidi, ili kesi ikifika mahakamani kuwe na maandishi ya mtaalamu. Haikuwekwa iwe kibali cha kuingia chumba cha dharura. Mtu anayevuja damu hutibiwa kwanza, na fomu hufuata. Kama hospitali ina wasiwasi kwamba ni jinai, wenyewe wapige simu polisi huku kazi ya kuzuia damu ikiendelea. Kumtuma mama mzazi usiku wa manane akatafute kituo cha polisi, na mwanawe amelala kwenye bajaji, hakuna sheria ninayoijua inayoagiza hivyo.

India walilipitia jambo hili hili. Mtu wa pikipiki aligongwa na gari, msamaria akamkimbiza hospitali ya karibu, madaktari wakamwambia ampeleke nyingine iliyo umbali wa kilomita kama 20, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyoruhusiwa kupokea majeruhi wa kesi za polisi. Alifia njiani. Mwaka 1989, katika kesi ya Parmanand Katara, Mahakama ya Juu ya India ilisema kila daktari, awe wa serikali au wa binafsi, ana wajibu wa kuokoa uhai, na kwamba taratibu za kipolisi haziwezi kuzuia wajibu huo. Hukumu ya India haizifungi mahakama zetu, lakini huzisoma kwa heshima, na wakili wako anaweza kuiweka mezani.

Sasa pesa. Siku ya kawaida hospitali ya binafsi ina haki ya kudai malipo kabla. Mtu anataka kung'oa jino au kupima macho, hayo ni makubaliano kati yake na wao, na asipoafiki bei anakwenda kwingine. Dharura si biashara ya namna hiyo, kwa sababu mwenye dharura hana pa kwenda. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 14, inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria. Daktari ni sehemu ya jamii hiyo, tena ndiye aliyepewa leseni kwa ajili hiyo. Leseni yake inatolewa chini ya Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, na anayekiuka maadili ya kazi anaweza kuitwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika, akasimamishwa au jina lake likafutwa kwenye daftari.

Hapa niseme la moyoni. Ibara ya 14 haitoshi. Majirani zetu Kenya, katika Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, wameandika waziwazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Afrika Kusini wameandika vivyo hivyo katika kifungu cha 27. Kwetu haki ya kutibiwa inabidi uitafute kwa kuunganisha ibara ya uhai, sheria ya leseni, Kanuni ya Adhabu na hukumu za zamani, na mama aliyesimama mapokezi na mtoto anayevuja damu hana muda wa kuunganisha chochote. Nataka siku Katiba yetu itakapoandikwa upya sentensi hiyo iwemo, fupi, inayoweza kubandikwa ukutani pale pale kwenye dirisha la malipo. Najua sentensi peke yake haitibu mtu. Mwaka 2015 jijini Nairobi majeruhi alizungushwa kwa saa 18 ndani ya gari la wagonjwa akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, akafa, na Katiba hiyo ilikuwa na miaka mitano. Lakini Wakenya walipolalamika walikuwa na maandishi ya kunyooshea kidole.

Turudi kwako. Kuna kesi ya Uingereza ambayo wanafunzi wetu wa sheria huisoma. Walinzi watatu wa usiku walikunywa chai, kumbe ina sumu ya aseniki. Wakaanza kutapika, wakajikongoja asubuhi hadi hospitali. Nesi akampigia simu daktari, naye bila kuja kuwaona akasema waende nyumbani wakawatafute madaktari wao. Mmoja akafa, anaitwa Barnett. Mwaka 1968 mahakama ilisema hospitali iliyofungua chumba cha dharura, mtu akaingia na kueleza shida yake, tayari ina wajibu juu yake. Daktari alikosea. Lakini mjane hakulipwa, kwa sababu ushahidi ulionyesha kwamba hata angelazwa papo hapo, dawa isingewahi.

Kesi hiyo inakusaidia na inakubana. Inakusaidia kwa kuwa mwanao alifika mlangoni, akaonekana, shida yake ikaelezwa. Inakubana kwa kuwa itabidi uonyeshe kwamba ufupi wa mguu umetokana na kucheleweshwa, si na ajali yenyewe. Hilo lataka maneno ya daktari wa mifupa. Nenda hospitali ya serikali iliyomtibu, omba nakala ya faili: saa aliyopokelewa, picha za eksirei, maelezo ya upasuaji. Na ile PF3 waliyokutuma kuifuata, itunze vizuri. Fomu ile pamoja na daftari la polisi vitaonyesha ulikuwa kituoni saa ngapi, na saa hiyo ndiyo saa ambayo mwanao alipaswa kuwa kitandani. Karatasi waliyoitumia kukurudisha itakuwa shahidi wako.

Malalamiko ya nidhamu mwandikie Mganga Mkuu wa Mkoa, na nakala kwa Msajili wa Baraza la Madaktari. Kama aliyewarudisha ni muuguzi, chombo chake ni Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya huadhibu, hayakulipi fidia. Fidia ni mahakamani, na kesi ya madhara kama haya ina ukomo wa miaka mitatu tangu siku ya tukio. Ingekuwa hospitali ya serikali, ungelazimika kutoa kwanza notisi ya siku 90. Mwanao ni mtu mzima, kwa hiyo barua na kesi ni kwa jina lake yeye, wewe utakuwa shahidi. Na kama ada ya wakili ni tatizo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria ambao kazi yao haina malipo. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa watakuelekeza.

SWALI: Mwanangu Wakili, nina miaka 71, navua samaki hapa Mchinga, sasa nguvu zimekwisha. Nilisikia redioni wazee tunatibiwa bure. Nilipokwenda nikaambiwa nilipe kumwona daktari. Nani mwongo? *Mzee wa Mchinga, Lindi*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Redio na dirisha wote wamesema nusu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe malipo wazee wa miaka 60 na kuendelea *wasio na uwezo*, katika vituo vya serikali, sambamba na wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wenye maradhi kama kifua kikuu na UKIMWI. Kwa hiyo umri peke yake hautoshi, lazima utambuliwe kwamba huna uwezo. Anza kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua, kisha muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Usiishie dirishani, mtu wa dirishani hana mamlaka ya kukusamehe, afisa huyo anayo. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo, hivyo umwulize mtendaji kama jina lako limo kwenye orodha ya kijiji. Asiposema kwa uhakika, mwambie aangalie ukiwa umekaa hapo hapo.

SWALI: Dada Wakili, shikamoo. Mimi ni tabibu, nimemaliza chuo juzi. Nilikuwa kwenye basi natoka Dar kwenda Masasi. Tulipokaribia Nangurukuru abiria akaanguka kifafa. Nilinyamaza kwa kuogopa kwamba nikimgusa akafa nitakamatwa. Mpaka leo roho inanisuta. Sheria inasemaje? *Tabibu kijana, Masasi*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sheria yetu, kwa asili yake ya Kiingereza, haimlazimishi mtu kumwokoa asiyemhusu. Ufaransa wao wamelifanya kosa la jinai: anayeweza kusaidia bila kujihatarisha, akaacha, anaweza kufungwa. Sisi hatujafika huko. Kwa hiyo kwa kunyamaza hukuvunja sheria.

Lakini woga wako haukuwa na msingi. Kanuni ya Adhabu inamtaka anayejitwika kumtibu mwenzake awe na ujuzi na uangalifu wa kadiri, na kadiri hiyo hupimwa kwa mazingira. Hakuna hakimu atakayekuuliza kwa nini hukuwa na oksijeni kwenye basi. Atauliza kama ulifanya ambalo tabibu mwenye akili timamu angefanya akiwa katikati ya viti viwili, dereva anakimbia. Nawe ulifundishwa: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu na kichwa, usimtie kijiko mdomoni wala kumshika kwa nguvu, tazama saa. Kikizidi dakika tano, mwambie dereva aache barabara kuu. Kutoka Nangurukuru hadi hospitali ya wilaya pale Kilwa Kivinje si mbali hata kidogo. Kitu ambacho kingekuingiza matatani ni kuanza kisha kumwacha nusu, au kumchoma sindano usiyoijua. Kwa hayo mengine, safari nyingine simama ujitambulishe.

SWALI: Wakili, dada yangu ana miaka 24. Alipelekwa hospitali huku Newala uchungu umemkaa muda mrefu, daktari akasema ni upasuaji. Nesi akasema lazima mjomba asaini. Mjomba yuko Kitangari, pikipiki haipatikani. Tulimsubiri mpaka akafika. Mtoto alitoka amechoka, hakulia, mpaka leo shingo yake haijakaza. Dada mwenyewe alikuwa anasema "nipasueni" na hakuna aliyemsikiliza. Kwani saini ni ya nani? *Mdogo wa mgonjwa, Newala*

JIBU: Ya dada yako. Yake peke yake.

Mimi ni Mmakonde, nimelelewa na wajomba, najua neno la mjomba lina uzito gani kwenye posa, kwenye msiba na kwenye unyago. Sina nia ya kumvunjia heshima mjomba yeyote. Lakini mwili wa mwanamke aliyetimiza miaka 18 na mwenye akili zake hausainiwi na mjomba, wala mume, wala mama mkwe. Daktari anamweleza yeye: tatizo ni hili, upasuaji ni huu, hatari zake ni hizi, na tusipofanya litatokea hili. Akikubali anaweka saini au dole gumba, basi. Akikataa hawawezi kumlazimisha, wataandika kwamba ameelezwa na amekataa. Angekuwa amezimia, daktari angeendelea bila saini ya mtu. Kanuni ya Adhabu inamlinda anayepasua kwa nia njema na kwa uangalifu, kwa manufaa ya mgonjwa, pale hali inapodai.

Kwa nini basi wauguzi wetu huita ukoo? Nimezungumza nao wengi. Wanaogopa. Mama akifia mezani bila mjomba kuambiwa, kesho yake ukoo mzima uko getini. Woga huo naufahamu, na uongozi wa hospitali una kazi ya kuwalinda watumishi wake wasiishi nao. Mjomba apigiwe simu, aambiwe, aje. Lakini chumba cha upasuaji kisimsubiri. Wajibu wa daktari ni kwa aliyelala kitandani. Muda waliokaa kumsubiri mtu asiyehitajika kisheria, huku mgonjwa mwenyewe ameridhia kwa kinywa chake, ni muda wa uzembe, na una kila sababu ya kuulalamikia. Dada yako aandike yeye mwenyewe, atoe maneno aliyoyasema na majina ya waliokuwepo chumbani. Na mtoto mpelekeni kliniki ya mazoezi ya viungo mapema, msisubiri kesi.

SWALI: Dada Wakili, mimi ni muuguzi, niko peke yangu zahanati moja ya Tandahimba. Usiku mmoja aliletwa mjamzito, presha juu, akaanza kudondoka kifafa cha mimba mbele yangu. Magnesiamu, sindano ya kifafa hicho, imekwisha, nimeagiza kitambo. Gari la wagonjwa limekwenda Mtwara. Yule mama alipona, Mungu mkubwa. Lakini nimekosa usingizi. Akija mwingine akafa, mimi ndiye nitakayefungwa? *Muuguzi, Tandahimba*

JIBU: Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Watu wanaponiuliza kuhusu wajibu wa kutibu huwa wanamfikiria daktari mwenye koti jeupe anayekataa. Hawamfikirii mtu anayetaka kutibu na hana cha kutibia.

Sheria haikudai usichonacho. Kipimo chake, tangu kesi ya Bolam ya mwaka 1957 huko Uingereza, ni kama ulifanya ambalo wenzako wa fani yako, wanaoaminika, wangelikubali kuwa ni sahihi. Wenzako wa fani yako, si bingwa wa uzazi wa Muhimbili. Muuguzi wa zahanati hulinganishwa na muuguzi wa zahanati. Kwa hiyo swali litakuwa: Ulimlaza ubavu? Ulilinda njia ya hewa? Ulipima presha ukaandika? Ulimfungulia mshipa wa dripu? Uliita rufaa mara moja au ulisubiri kupambazuke? Kama majibu ni ndiyo, na mama akafa kwa sababu sindano haikuwepo, kosa haliko kwako. Liko kwa waliokuwa na wajibu wa kuileta. Na hata mtumishi akikosea kweli akiwa kazini, katika madai ya fidia mwajiri huwajibika pamoja naye.

Kuhusu gari, kumbuka mfumo wa m-mama. Namba ni 115, haina malipo, na umewekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Gari la wagonjwa likiwa mbali, wao hutafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa karibu na kijiji, naye hulipwa na mfumo. Namba hiyo iandike kwa kalamu kubwa ukutani, hata mhudumu wa usafi aijue, maana usiku huo mikono yako itakuwa na kazi.

Dawa inapokwisha, kuagiza kwa mdomo hakukulindi. Mwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya, taja dawa, taja siku iliyokwisha, peleka nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wiki ikipita kimya, andika tena. Najua ripoti za mwezi zinakuchosha na hii itaonekana mzigo mwingine. Lakini barua hiyo inafanya mambo mawili: inausogeza wajibu pale unapostahili kukaa, na mara nyingi inaileta dawa, kwa sababu hakuna mkubwa anayependa jina lake liwe juu ya barua isiyojibiwa.

Usiku wa rufaa, andika saa mama alipofika, presha uliyoikuta, ulichofanya, saa uliyopiga 115 na jina la aliyepokea simu. Andika hapo hapo, si asubuhi. Fomu ya rufaa ijaze nakala mbili, moja iende na mama ili hospitali isianze kuuliza upya, nyingine ibaki kwenye faili la zahanati.